Uliza Mafundi: Seva ya printa inataka mashine ya ukubwa gani?

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja. Ofisi ina printa kadhaa, kila mtu anaprinti kivyake, na sasa uongozi unataka zote zipite kwenye seva moja. Inunuliwe mashine gani? Tumechagua barua sita na kuzifupisha.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ina watu 45 na printa sita: nne za leza nyeusi, moja ya rangi, na mashine kubwa ya kopi inayotoa hadi A3. Muuzaji ametuletea proforma ya seva yenye prosesa mbili za kori 16 kila moja, RAM ya GB 64 na diski nne za TB 2. Mkurugenzi ameguna. Kweli printa zinahitaji yote hayo? *Afisa utawala, Kurasini*

JIBU: Mkurugenzi ameguna kwa haki. Mashine hiyo ingebeba mfumo wa uhasibu, barua pepe na hifadhidata ya kampuni nzima, na bado ingepiga miayo.

Nyie wa Kurasini mtatuelewa upesi: seva ya printa ni karani wa yadi ya makontena. Habebi kontena hata moja. Anapokea, anapanga, anaruhusu litoke. Anachohitaji ni nafasi ya kupanga, mlango usiobana, na taa isiyozimika. Yadi ikijaa, hata karani awe na mbio namna gani, hakuna lori litakaloingia.

Kwa hiyo msianze na idadi ya watu. Anzeni na siku yenu mbaya kuliko zote: meli zimefuatana, mafaili ya wateja kumi yanatakiwa kwa pamoja, kila moja na TANSAD yake (tamko la forodha), hati ya shehena, ankara na orodha ya vifungashio, nusu yake ikiwa ni kurasa zilizoskaniwa. Watu 45 wanaoprinti barua mojamoja wanaisumbua seva kidogo kuliko watu watano wanaotuma skani za kurasa 120 kwa mpigo.

Siku hiyo inapimika. Jumatatu asubuhi chapeni ukurasa wa taarifa wa kila printa na mwandike namba ya kaunta, kisha mrudie Jumamosi mchana. Hapo mmepata kurasa kwa wiki. Kupata uzito wa kazi zenyewe, kwenye kompyuta ya Windows ambayo tayari inashirikisha printa fungueni Event Viewer, mwende PrintService, mwashe kumbukumbu iitwayo Operational, maana huja ikiwa imezimwa. Tangu hapo kila kazi iliyotoka huandikwa kama tukio namba 307: nani katuma, printa ipi, kurasa ngapi, baiti ngapi. Wiki mbili zinatosha, mradi mwisho wa mwezi uwe ndani yake.

Swali la pili, ambalo wauzaji wengi hawaliulizi: nani anapika? Kabla ukurasa haujafika kwenye karatasi, herufi, picha na mistari lazima vigeuzwe kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Kwenye Windows, kwa kawaida jiko liko kwenye kompyuta ya mtumiaji. Seva inapokea chakula kilichoiva na kukipeleka mezani. Angalieni kichupo cha Sharing cha kila printa: mstari wa "Render print jobs on client computers" ukiwa na alama ya vema, ndiyo hali hiyo. Alama ikiondolewa, jiko linahamia kwenye seva, na hapo ndipo prosesa inaanza kutoka jasho. Kwenye Linux yenye CUPS (programu ya kusimamia printa), mara nyingi seva ndiyo inayopika.

Jiko likiwa kwa watumiaji, prosesa ya kori nne inawatosha na chenji inabaki. RAM iwe GB 8. Windows Server 2022 yenye madirisha kamili inadai angalau GB 2, zinazobaki ni za draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) na foleni. Mkiamua seva ipike, au mashine hiyohiyo iwe pia na programu nyingine, wekeni GB 16. Kuvuka hapo kwa printa sita ni kumpendeza muuzaji.

Diski ndipo pa kukaa na kalamu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila nukta baiti tatu, ukurasa mmoja ni MB 26 kabla haujabanwa. Sasa chukueni lile faili la skani la kurasa 120. Kwenye barua pepe lilikuwa MB 30 tu, mtumaji akaona dogo. Likifunguliwa na kupikwa linafika GB 3.1. Draiva ikilibana hadi robo, bado ni karibu MB 800 zinazolala kwenye diski ya seva zikisubiri zamu. Mnaona kwa nini ukubwa wa PDF hauwaambii chochote.

Tuseme kazi nzito ni GB 1. Printa sita zote zimekwama, moja haina karatasi, nyingine tona imeisha, na kila moja ina kazi nne nzito nyuma yake: GB 24. Zidisheni mara mbili kwa usalama, GB 48. Tengeni sehemu ya diski ya GB 60 kwa ajili ya foleni peke yake, mbali na C:. SSD ya GB 240 inabeba mfumo na foleni bila kulalamika. Nunueni mbili, zifungwe kwa kioo (RAID 1), ili moja ikifa kazi iendelee. Zile diski nne za TB 2 mtahifadhi nini ndani yake? Faili la foleni linaishi dakika chache kisha linafutwa. Na msiogope kuwa SSD itachakaa: ikiwa imeandikwa TB 80 kwenye karatasi yake, na nyie mnapitisha GB 20 kila siku ya kazi, mwaka mzima ni kama TB 6.

Mlango wa yadi ni mtandao. Kila kazi hupita mara mbili, kutoka kwa mtumiaji kwenda seva, na kutoka seva kwenda printa. Swichi, yaani kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, ikiwa ya megabiti 100 hupitisha kama MB 11 kwa sekunde, hivyo zile MB 800 zinachukua dakika moja na robo kufika tu kwenye seva. Swichi ya gigabiti inazimeza kwa sekunde saba au nane. Printa zenu za zamani zenye tundu la megabiti 100 zitabaki na mwendo wao, lakini angalau mtumiaji anaachiwa kompyuta yake mapema.

Ushauri wetu basi: kompyuta ya mezani ya daraja la ofisi, Core i3 au i5 ya kizazi cha nane kwenda juu, RAM GB 8, SSD mbili, tundu la gigabiti. Hata ya mtumba safi inafaa, mkibadilisha SSD zote ziwe mpya. Fedha iliyobaki iende kwenye swichi, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na leseni. Ya leseni msiisahau: Windows Server inadai leseni ya ufikiaji, CAL, kwa kila mtumiaji au kila kifaa, na kuprinti kunahesabika. Kwa watu 45 hiyo si pesa ya kuokoteza, na kwenye proforma mliyotueleza haimo.

Mambo mawili ya kumaliza. Msiweke huduma ya printa kwenye seva ileile inayosimamia majina na nywila za kampuni, ile inayoitwa domain controller. Tundu la kiusalama la mwaka 2021 liitwalo PrintNightmare lilipitia spula, ile huduma ya Windows inayoshika foleni ya kuprinti, na Microsoft yenyewe inashauri spula izimwe kwenye seva za namna hiyo. Na punguzeni aina za draiva. Leza nne zikitumia draiva moja ya jumla ya mtengenezaji, mmebakiwa na draiva tatu badala ya sita. Spula inapoanguka mara kwa mara, kwa kawaida ni draiva moja mbovu inayowavuta wenzake. Kwenye Print Management mnaweza kuitenga ianguke peke yake.

SWALI: Sisi ni wasanifu majengo, tuko 14, tuna plota ya A0 na printa mbili. Seva yetu ina SSD ya GB 120. Karibu kila wiki printa zote zinagoma kwa pamoja. Fundi anakuja, anafuta mafaili, zinarudi. Tuongeze RAM? *Msanifu, Mikocheni*

JIBU: Msiongeze RAM. Yadi imejaa.

A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta milioni 139.5, na kwa rangi kamili ni MB 418 kwa mchoro mmoja usiobanwa. Akitokea mtu akachagua 600 kwa kuamini kuwa namba kubwa ndiyo ubora, mchoro unapanda hadi GB 1.67. Seti ya michoro 30 namna hiyo ni GB 50. Windows na programu zake zimeshakalia sehemu kubwa ya hizo GB 120, na foleni kwa kawaida inakaa kwenye C: hiyohiyo. C: ikifika sifuri, spula haina pa kuandika, na hata barua ya ukurasa mmoja kwenye printa ya katibu muhtasi haitoki. Ndiyo maana zinagoma zote, ingawa mkosaji ni plota.

Anzeni na kinachofutwa na fundi. Kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS kuna mafaili ya aina mbili, SPL ambalo ndilo mzigo wenyewe, na SHD ambalo ni karatasi ya maelezo yake: la nani, linakwenda printa ipi, nakala ngapi. Mkiyakuta yamelala humo tangu juzi, fungueni sifa za plota, kichupo cha Advanced, mtazame "Keep printed documents". Ikiwa na alama ya vema, kila mchoro uliokwisha kutoka unabaki hapo. Mara nyingi mtu aliiweka siku moja ili arudie kuprinti, akasahau.

Kusafisha kwa usalama ni hivi: fungueni dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andikeni net stop spooler, futeni mafaili yaliyomo ndani ya folda (folda yenyewe iacheni), kisha net start spooler. Kufuta wakati spula inaendelea ndiko kunakoacha mafaili yasiyofutika.

Dawa ya kudumu ni kuhamisha foleni. Wekeni SSD ya pili ya GB 480 kwa kazi hiyo tu. Tengenezeni folda, tuseme D:\Foleni, wapeni watumiaji haki zilezile zilizopo kwenye folda ya zamani, maana hapo ndipo wengi hukosea na kuona kazi zinatumwa lakini hazifiki. Kisha kwenye sifa za seva ya printa, kichupo cha Advanced, andikeni njia mpya. Fanyeni hivyo jioni watu wameondoka, kwa sababu kazi zilizo kwenye foleni wakati wa kuhama hazitatoka.

Na mpunguze mzigo kabla haujaingia. Mchoro wa mistari myeusi hauna sababu ya kutumwa kwa rangi: A0 ya nukta 600 yenye nyeusi na nyeupe tu ni MB 70, si GB 1.67. Plota yenu ikielewa lugha ya HP-GL/2, tumieni draiva ya lugha hiyo, kwa kuwa inatuma mstari kama mstari, kutoka hapa hadi pale, na mchoro mzima huwa MB chache. Nakala tatu za mteja nazo, ziagizeni kwenye draiva ya plota, si ndani ya programu ya kuchorea. Baadhi ya programu hutuma seti nzima mara tatu.

SWALI: Habari. Umeme wa mtaani kwetu unakatika na kurudi mara tatu kwa siku. Seva, swichi na printa ya leza vyote viko kwenye UPS moja ya VA 650. Printa ikianza kuprinti UPS inapiga kelele, mara nyingine inazima kila kitu. Tena umeme ukirudi printa zinaonekana "Offline" mpaka zizimwe na kuwashwa. *Mhasibu, Kijitonyama*

JIBU: Ondoa printa kwenye UPS leo hii, hata kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Leza ina roli inayoyeyusha tona, na roli hiyo inapopashwa moto inavuta kuanzia wati 500 hadi zaidi ya 1,000, kwa kushtukiza. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390. Inapiga kelele kwa sababu imeelemewa. Printa iende kwenye soketi ya ukutani kupitia stabilaiza yenye uwezo wake. Umeme ukikatika karatasi itakwama katikati, utaivuta, na seva itaituma tena kazi hiyo. Hasara ni karatasi moja. Seva ikizimika ghafla ndipo kuna hasara ya kweli.

Kwenye UPS vibaki vitatu: seva, swichi na ruta. Kompyuta ndogo ya mezani wati 25, swichi 8, ruta 10, jumla 43. Betri ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 kwenye karatasi. Ukiondoa kinachopotea njiani unabaki na kama Wh 50, yaani saa moja hivi betri ikiwa mpya. Usiitegemee yote. Unganisha waya wa USB kati ya UPS na seva, uweke programu yake, iamuru seva ijizime kwa utaratibu baada ya dakika kumi za kukaa kwenye betri.

Betri hizo hupimwa kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi kumi zaidi hupunguza umri wake karibu nusu. Stoo isiyo na dirisha mwezi wa pili hapa Dar inapita 33 bila shida, hivyo betri ya miaka minne tegemea miwili. Kila miezi mitatu chomoa plagi ya UPS wakati hakuna kazi, uone inashika dakika ngapi. Iweke mahali penye hewa, lakini si chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, na ziba matundu makubwa: mjusi anapenda joto la stabilaiza, na akigusa pasipoguswa mnakufa naye.

Sasa hiyo "Offline". Umeme ukirudi, printa inawaka kwa nusu dakika. Ruta yenu, kama haikuwa kwenye UPS au UPS ilishaisha, inahitaji dakika moja au mbili. Printa inaomba anwani ya IP, hakuna anayejibu, inajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Seva inaitafuta kwenye anwani ya jana, haioni mtu. Thibitisha: chapa ukurasa wa mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani iliyoandikwa. Ukikuta 169.254, umempata mwizi.

Dawa ni kuipa kila printa anwani isiyohama. Kama ruta ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 hadi 200, seva iwe 192.168.1.10, printa ziwe 21, 22, 23 na kuendelea, nje kabisa ya kinachogawiwa. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ubandike kwenye mgongo wa printa. Kwenye seva ongeza printa kwa njia ya "Standard TCP/IP Port", si WSD ambayo Windows hupenda kuichagua yenyewe. Kama anwani ni sahihi, printa inajibu, na bado Windows inashikilia kuwa haipo, fungua sifa za port hiyo uondoe alama kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huuliza hali ya printa kwa lugha hiyo, na isipojibiwa huamua printa haipo, hata kama iko mbele yako inawaka taa ya kijani.

La mwisho: ingia kwenye BIOS ya seva (mipangilio ya msingi ya mashine) uweke kwamba umeme ukirudi iwake yenyewe. La sivyo kila asubuhi mnamsubiri mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo.

SWALI: Tunatumia kompyuta ya kawaida yenye Windows 11 Pro kama seva ya printa. Tumefika watu 28, asubuhi wengine wanakataliwa, mchana wanakubaliwa. Tubadilishe RAM au diski? *Posta*

JIBU: Msibadilishe chochote ndani ya mashine. Windows ya kawaida inaruhusu vifaa 20 tu kuifikia kwa wakati mmoja, na wa 21 anarudishwa mlangoni. Mchana wengine wametoka, nafasi zinapatikana. Wekeni Windows Server kwenye kompyuta hiyohiyo na leseni zake, au Linux yenye CUPS ambayo haina kikomo hicho. Kuna njia ya tatu ambayo ofisi ndogo huisahau: kama printa ni mbili tu na zina tundu la mtandao, kila kompyuta itume moja kwa moja kwenye IP ya printa. Seva hamtaihitaji.

SWALI: Mambo vipi mafundi. Nina steshenari karibu na chuo, kompyuta tano, printa tatu. Jamaa ananiambia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha kuwa seva. Ni kweli au ananiuzia kitoto cha kuchezea? *Msewe, Ubungo*

JIBU: Poa. Ni kweli nusu. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 na CUPS inahimili printa tatu. Ila kwanza hakikisha kuhusu draiva. Pi inatumia prosesa ya ARM, na baadhi ya watengenezaji hutoa draiva ya Linux kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD peke yake. Printa za HP nyingi zinakubali kwa HPLIP, draiva za HP za Linux. Printa mpya zinazoelewa AirPrint au IPP Everywhere hazihitaji draiva kabisa. Ukiwa na printa ya bei nafuu isiyo katika makundi hayo, tafuta kompyuta ndogo ya mtumba yenye prosesa ya Intel, ulale usingizi.

Adui wa pili ni kadi ya microSD. Umeme ukikatika wakati inaandika, inaweza kuharibika hadi Pi isiwake tena. Tumia SSD ya USB na chaja ya volti 5, ampea 3. Chaja ya simu itakuletea matatizo utakayodhani ni ya printa.

Kwa kuwa hapa seva ndiyo inayopika, siku za kukusanya tasnifu wanafunzi kumi wakituma kwa pamoja itazidiwa. Kwenye faili la mipangilio ya CUPS, cupsd.conf, weka FilterLimit 400. Kazi ya printa isiyoelewa lugha ya PostScript hula kama 200, kwa hiyo zitapikwa mbili kwa wakati na nyingine zitasubiri. Foleni inakuwa ndefu kidogo lakini inasogea.

Na hili usilipuuze. CUPS kwa kawaida hutunza mafaili ya kazi kwa siku nzima baada ya kuprinti, sekunde 86,400. Kwako hayo ni vyeti, namba za NIDA na barua za watu. Andika PreserveJobFiles No, uanzishe CUPS upya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nyaraka za wateja kuzagaa kwenye diski yako si uzembe tu.

SWALI: Makao makuu yako Upanga, tawi liko Mbagala. Mtu wa Mbagala akiprinti kwenye printa iliyo mezani kwake inachukua dakika tano, na intaneti ya tawi zima inalala. Tununue seva ya pili? Na hiyo ya Upanga ikifa siku ya mishahara tunafanyaje? *Ofisa TEHAMA, Upanga*

JIBU: Kazi ya Mbagala inapanda hadi Upanga na kushuka tena Mbagala, kama mtu anayetaka kwenda nyumba ya jirani kwa kupitia Posta. Seva ya pili haihitajiki. Windows Server kuanzia 2012 ina namna ya kuprinti ya matawi: seva inabaki na orodha na draiva, lakini mzigo unatoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye printa ya hapohapo. Kwenye PowerShell ya seva andika Set-Printer -Name "Mbagala-Leza" -RenderingMode BranchOffice. Kompyuta za tawi lazima zifike kwenye IP ya printa zenyewe, hilo lipime kwanza kwa ping.

Kuhusu kufa kwa seva, kitu cha kuokoa si mafaili ya foleni, hayo watu watatuma upya. Okoa majina ya printa, port na draiva. Kutoka C:\Windows\System32\spool\tools endesha PrintBrm.exe -b -f D:\printa.printerExport, na faili hilo ulihamishie nje ya seva, kwenye flashi iliyo kabatini au kwenye mashine nyingine. Rudia kila unapoongeza printa au kubadili draiva. Siku ya msiba unachukua kompyuta yoyote yenye Windows Server na GB 8, unaipa jina lilelile na IP ileile ya marehemu, kisha PrintBrm.exe -r -f na faili hilohilo. Jina likibadilika, itabidi uzunguke meza moja baada ya nyingine ukiunganisha watu upya, na siku ya mishahara hutamaliza ghorofa ya kwanza. Lijaribu Jumamosi moja kwenye kompyuta ya akiba, ukiwa umechomoa waya wa mtandao ili majina mawili yasigombane.